Jumamosi Tuliyofungwa kwa Pointi Moja

Mechi zilianza saa mbili kasorobo asubuhi kwa saa za kwetu, na hilo ndilo lililomfanya mama yangu awe shabiki bila ya kutaka. Melbourne ilikuwa mchana, na sie huku Nizwa, Oman, ndiyo kwanza tunakunywa chai. Sebule ni moja, televisheni ni moja, na mama hakubali kunywa chai chumbani kama mgonjwa. Basi kila Jumamosi ya msimu alikaa nasi na bakuli lake la mbaazi, akiwatazama wanaume wa Kiaustralia wenye kaptura fupi wakigombania mpira ulio kama yai.

Kanuni nilimweleza mara nyingi. Kuna milingoti minne. Mpira ukipita baina ya ile miwili mirefu ya kati, ni pointi sita. Ukienda pembeni kidogo, au ukagonga mlingoti, unapewa moja.

"Ati mtu akikosa analipwa?" aliniuliza mara ya kwanza.

"Analipwa kidogo, mama."

"Watu wema hao."

Timu yetu niliipata nilipokuwa nasoma huko Melbourne, miaka mitano ya uhandisi kwa ufadhili wa serikali. Aliyenipa ni rafiki yangu mmoja wa Sur, naye wazee wake walitoka Pemba kama wangu walivyotoka Unguja. Alinitangulia mwaka mmoja, kwa kozi ya miaka sita. Tulipanga nyumba pamoja, tukapika wali wa nazi kwa nazi ya kopo, na wiki ya pili tu baada ya kufika alinivisha skafu ya timu yake shingoni akanambia, "Huku ukiwa huna timu, huna la kuzungumza na mtu." Ilikuwa kweli. Nilikuwa na aibu ya Kiingereza changu, lakini Jumatatu kazini au darasani ukisema umeiona mechi, mtu yeyote atakujibu.

Tuliporudi Oman yeye alipata kazi kwao Sur, mimi hapa Nizwa. Urafiki haukukatika. Palipokuwa na mechi kubwa, Ijumaa jioni aliendesha gari mpaka kwetu, mwendo wa saa tatu na zaidi, akalala chumba cha wageni. Mama akimwita mwanangu. Dada yangu mkubwa, mwalimu wa skuli, anayekaa nyumba ya tatu kutoka yetu, naye alikuwa akija asubuhi na sinia la maandazi, akakaa karibu na mama na mtandio wake. Dada aliijua timu ile kuliko sisi. Majina ya wachezaji aliyasema kwa matamshi ya Kiarabu, lakini alijua nani kaumia goti na nani mkataba wake unakwisha.

Msimu huo tulikuwa hali mbaya. Tulikuwa tumeshafungwa mechi nyingi mfululizo, na zote kwa tofauti ndogo, tofauti za kukutia wazimu. Jumamosi ile tuliongoza mpaka robo ya mwisho. Halafu miguu ikawaishia, kama kawaida, wakapitwa. Sekunde za mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi mbili, na mshambuliaji wetu mkongwe akaudaka mpira karibu kabisa na goli. King'ora kikalia. Kwa kanuni zao, mtu aliyekwisha kuudaka anaachiwa apige hata kama muda umekwisha. Mama akashusha kikombe.

Mpira ukagonga mlingoti.

"Pointi moja," alisema mama, kwa sauti ya mtu anayetoa habari njema. "Si wamempa moja?"

"Wamempa, mama. Tumefungwa kwa moja."

Rafiki yangu alikuwa keshasimama. "Huyu kocha aondoke leo! Leo hii, wallahi! Mzee wa miaka thelathini na tano unampangia robo ya mwisho, miguu hana, halafu unategemea akupigie bao?"

"Kocha hakupiga mpira," nilisema.

"Kocha ndiye aliyempanga."

Dada akasema tatizo halikuwa mzee wala kocha. Tatizo ni kwamba waliwauza vijana wawili wazuri miaka miwili nyuma, na sasa katikati ya uwanja hapana mtu wa kukimbia. "Tazameni robo ya tatu," alisema, akihesabu kwa vidole. "Kila mpira wa kwanza wanachukua wao. Kila mmoja. Utafungaje?"

"Hayo ni ya kocha pia," alisema rafiki yangu.

"Majeruhi saba nayo ni ya kocha?"

"Mazoezi mabaya yanaumiza watu."

Nilimtetea kocha. Nilisema apewe msimu mmoja, kwamba timu inayofungwa kwa pointi moja si timu mbovu, ni timu yenye bahati mbaya. Rafiki yangu alicheka kicheko cha kunidharau. Alisema mimi nimekuwa kama mke anayepigwa akasema kajigonga mlangoni. Maneno yale yaliniudhi, mbele ya mama na dada. Nami nikamjibu neno ambalo nilijua litamchoma. Nikamwambia yeye ni shabiki wa siku za kushinda. Nikamwambia skafu yake sijaiona tangu mwaka juzi, na wiki iliyopita tulipofungwa hata simu hakupokea.

"Mimi?" alisema. "Mimi niliyekuonyesha timu hii?"

"Kuonyesha si kupenda."

Uso wake ulibadilika, ukawa mdogo. Ningemwomba radhi pale pale yangekwisha. Sikumwomba. Nilichukua andazi.

"Haya," alisema. "Wewe ndiye unayependa. Ni kweli. Mimi sikumwacha babaangu kitandani anakata roho, nikasema nna mtihani, ili nikaone fainali."

Yalimtoka yote kwa mkupuo mmoja, kwa Kiswahili kizuri, kila neno mahali pake.

Hapa inanibidi nieleze. Mwaka wangu wa mwisho Melbourne, timu yetu iliingia fainali. Wiki hiyo hiyo, Jumatano, dada alinipigia simu akanambia baba hali yake imegeuka, madaktari wamesema nije. Ningeondoka Alkhamisi ningefika Ijumaa. Lakini tiketi ya fainali ilikuwa mezani. Rafiki yangu huyu alizipata kwa mtu, mbili, yake na yangu. Alinambia, "Baba yako ana nguvu, kashawahi kuzidiwa mara ngapi akainuka? Ondoka Jumapili. Siku tatu tu." Sitasema alinilazimisha. Nilitaka kuambiwa hivyo, naye aliniambia. Nikampigia dada nikamwambia nina mtihani wa mwisho Jumamosi, nikiukosa narudia mwaka mzima. Tulishinda fainali ile. Nilikuwa barabarani na maelfu ya watu, naimba, simu mfukoni sikuisikia. Baba alifariki Jumamosi hiyo baada ya sala ya alasiri ya huku, akazikwa Manah, mji wa jirani, karibu na shamba lake. Nilifika Jumatatu nikakuta udongo umeshakauka juu.

Na uongo wangu haukubaki pale nilipouacha. Baba alipoambiwa, alisema, "Mwacheni mtoto amalize mtihani wake." Ndiyo maneno yake ya mwisho yaliyonihusu. Mama aliyashika maneno hayo kama watu wanavyoshika hirizi. Aliwaelezea wageni, akawaelezea wajukuu waliokuwa hawataki kusoma, akasema kwa fahari kwamba babu yenu alikuwa anaondoka duniani na bado anafikiria masomo. Miaka tisa nilikaa naye sebuleni nikiyasikia, nikitazama chini, na watu wakidhani ninatazama chini kwa huzuni.

Siri hiyo alikuwa nayo mtu mmoja tu.

"Kasema nini?" aliuliza mama.

"Nimetania, mama," alisema rafiki yangu haraka. Alikuwa keshageuka rangi. "Ni maneno ya mpira tu. Khalas, basi."

Dada hakumtazama yeye, alinitazama mimi. "Mtihani haukuwepo?"

Televisheni ilikuwa bado inaonyesha ule mpira ukigonga mlingoti, mara ya tano, mara ya sita. Ningeweza kusema ulikuwepo. Rafiki yangu angeniunga mkono, nilimwona anavyonisihi kwa macho. Sijui kwa nini sikuweza.

"Haukuwepo," nilisema.

Mama alikunja kitambaa alichokuwa amekiweka mapajani, akakikunja tena, akainuka kwa kushika mkono wa kiti. Nilitaka kumsaidia. Alisema, "Niache." Akenda chumbani kwake akafunga mlango polepole, bila ya kuubamiza.

Rafiki yangu alitoka nje kwenye gari, nami nikamfuata. Jua lilikuwa limeshakuwa kali na mlango wa gari ulikuwa unaunguza.

"Miaka tisa," nilimwambia. "Miaka tisa umeliweka, ukaja ulitoe leo, kwa ajili ya kocha?"

"Ulinitukana."

"Nilikwambia hupendi timu. Wewe umenizika."

"Nimekosa," alisema. "Nimekosa, wallahi. Yamenitoka."

"Na tiketi mbona hukuitaja? Mbona hukuwaambia nani aliyeniambia baki?"

Hapo ndipo aliposema jambo ambalo mpaka leo sijui nilichukulie vipi. Alisema, "Nilikuletea tiketi. Sikukufunga kamba." Akawasha gari. Chakula cha mchana hakula, na mkoba wake wa nguo aliuacha chumba cha wageni. Baadaye niliutuma Sur kwa dereva wa teksi.

Dada alinisubiri ndani. Nilidhani atalia, lakini alikuwa mkavu. "Mie ndiye niliyemwambia baba," alisema. "Aliniuliza mara tatu, anakuja lini? Nikamwinamia sikioni nikamwambia ana mtihani. Umenifanya nimdanganye mtu anayekufa, na mie sijui." Nilisema sikukusudia. Akasema, "Hukukusudia yeye kufa. Kunidanganya ulikusudia." Akachukua sinia lake na maandazi yakiwa bado juu yake, akenda kwake. Kwa miezi miwili hakunisemesha ila kwa ujumbe wa simu, na ujumbe wenyewe ulikuwa wa dawa za mama.

Mama alinisemesha. Alinambia chakula tayari, gesi imekwisha, fundi wa kiyoyozi kapiga simu. Hayo tu. Wageni walipokuja hakuyataja tena maneno ya baba, na nilipogundua kwamba hayataji, nilihisi nimemnyang'anya kitu ambacho hakuna wa kumrudishia. Jumamosi alikunywa chai yake chumbani. Mimi televisheni sikuiwasha.

Katikati ya Agosti aliniomba nimpeleke Manah, kutazama tende zinavyokatwa. Tulipita makaburini kwanza, akabaki ndani ya gari, nikashuka kumsomea baba. Niliporudi alikuwa anatazama mbele.

"Hiyo fainali," alisema. "Mlishinda?"

"Tulishinda, mama."

"Ulifurahi?"

Nilifikiria kumwambia sikufurahi, kwamba moyo wangu ulikuwa Nizwa. Nilikwishachoka kumdanganya. "Nilifurahi sana," nilisema. "Sijawahi kufurahi vile."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia bei ya kitu. "Yeye hakuwa na furaha siku hiyo," alisema. "Alikuwa anakuuliza wewe." Halafu akasema, "Twende, jua linapanda." Tulipofika nyumbani alinipa mkono nimteremshe.

Kocha alifukuzwa kabla ya msimu kwisha. Niliisoma habari hiyo ofisini, na mkono wangu ukaenda kwenye simu wenyewe kumpelekea rafiki yangu, kwa mazoea, nikauzuia. Yeye alikuwa ananitumia ujumbe wa sauti kila wiki. Nilisikiliza mmoja tu. Alikuwa analia, na nikaona naye ananidai nimhurumie kwa aliyonifanyia, nikauzima.

Siku ya Iddi rafiki yangu alikuja mwenyewe, bila ya kusema kuwa anakuja. Alikuwa na kanzu mpya na kopo kubwa la halwa. Alisimama mlangoni kwa mama, akasema, "Shikamoo, mama." Nilidhani mama atamjibu kwa baridi. Alimwitikia marahaba, akamvuta kwa mkono, akamkalisha karibu yake, akamuuliza habari za watoto wake mmoja mmoja. Akamtilia kahawa kwa mkono wake. Mimi kahawa nilikuwa najitilia mwenyewe tangu siku ile.

Rafiki yangu alipokwenda kutawadha nilimuuliza mama, kwa sauti ya chini, vipi ameweza. Alinishangaa.

"Kwani yeye kanifanya nini?" alisema. "Yeye ndiye aliyenambia kweli."

Neno lile lilinichoma, nikajitilia kahawa nyingine.

Nilimsindikiza rafiki yangu mpaka garini. Aliniambia, "Nisamehe," nikamwambia nimekusamehe, tukakumbatiana kama watu wanavyokumbatiana Iddi. Anakuja bado, mara moja moja. Dada naye ameanza kuja na maandazi. Tunatazama mechi, tunabishana kuhusu kocha mpya, ambaye kwa kusema kweli si bora kuliko yule wa kwanza. Mama huuliza matokeo kutokea chumbani. Na rafiki yangu akiniuliza, "Vipi hali?" namwelezea habari za kazi, za gari, za joto la mwaka huu. Namwelezea kwa urefu, nacheka panapochekesha. Lililo moyoni mwangu simwambii.