Mafuta Yangu ya Kupikia Yalivyogeuka Maziwa

Jumatatu moja niliingia jikoni nikakuta dumu langu la mafuta ya kupikia tupu. Kutoka nje uani, nikaona ndoo imejaa kitu cheupe kama maziwa.

Mwizi mwenyewe yuko pembeni, kashika tama. Mjukuu wangu wa kike, injinia wa visima vya mafuta kule baharini.

Sikumfokea. Nilivuta kigoda nikakaa.

Akanieleza kwamba kwenye jukwaa lao la baharini nafasi ni finyu. Badala ya tangi kubwa kama nyumba la kutenganisha mafuta ya kisimani na maji, waliweka mtambo mdogo, urefu wa mlango tu. Unazungusha mafuta na maji kwa kasi mpaka yanaachana: maji yanakwenda pembeni, mafuta yanabaki katikati.

Shida ni kwamba kila Jumamosi unagoma. Maji yanatoka na mafuta yake. Bosi kampa wiki mbili apate sababu, la sivyo mtambo unang'olewa, na yeye kazi hana.

Ndiyo akaunda uani ule mfano niliokuwa nauona, kwa bomba la plastiki na, kumbe, mafuta yangu. Jumapili ulifanya kazi safi kabisa. Leo, maziwa matupu.

Nikamnunulia dumu lingine. Siku tatu akafungua, akafunga, akabadilisha pampu. Chakula hagusi.

Siku ya nne nikamwambia, "Usivunjike moyo, mama. Ndoo na bomba lako si nakuoshea kila jioni tangu Jumapili?"

Akageuka polepole. "Unaoshea nini, bibi?"

"Sabuni ya vyombo. Namimina ya kutosha, mafuta yako sugu. Kusuuza nasuuza kidogo, maji nayabania."

Akaweka pampu chini. Nikajua nimekwisha.

Akanishika mkono, akanieleza taratibu kuwa sabuni ndiyo inayofanya mafuta na maji yakatae kuachana. Halafu akapiga simu jukwaani kuuliza Jumamosi huwa wanafanya nini.

Wanaosha sakafu. Kwa sabuni. Na mtaro wa sakafu unaishia mtamboni.

Nani kaagiza sabuni imwagwe kwa wingi hivyo? Bosi mwenyewe, mpenda usafi. Hata fagio huwa anashika yeye.

Mjukuu wangu hakumuumbua mbele ya watu. Alimvuta kando, akamweleza kwa upole uleule aliotumia kunieleza mimi. Sabuni ikakoma, mtambo ukabaki, na mtoto yuko kazini hadi leo.

Wapendwa, ukitaka kumsaidia mtu, muulize kwanza. Mimi nilibakiza kidogo tu nimfukuzishe mjukuu wangu kazi, tena kwa usafi.