Nilipoukataa Ualimu wa Mkange

Nilipomaliza shahada ya hisabati za fedha nilirudi nyumbani Kiwangwa na begi moja la nguo na bahasha ya kaki yenye vyeti. Baba alikuwa kwenye mananasi. Alikuja amevaa lile shati lake la mikono mirefu lililochanwachanwa na miiba, akanawa, akaketi, ndipo nikamwamkia.

"Marahaba. Sasa mama," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mdogo, "hizo hisabati za fedha ndiyo ile kazi ya kukaa dirishani benki?"

Nikamweleza kwamba zipo kazi nyingi, ingawa wenzangu wengi walikuwa bado wanazitafuta. Mmoja alikuwa amepata benki, kitengo cha mikopo. Mwingine alikuwa anamsaidia dada yake kuuza vitenge Kariakoo. Wawili walikuwa wamerudi chuoni kusoma shahada ya pili, kwa sababu tu hawakujua pa kwenda. Mimi nilitaka kuwa mtakwimu bima.

"Huyo anafanya nini?"

"Anakadiria hatari, baba. Tuseme kampuni ya bima ina wateja elfu moja wa rika lako. Lazima ikadirie wangapi watafariki mwaka huu, ili iwe na cha kuwapa watoto wao."

Baba aliweka kikombe chini. "Astaghfirullah. Umri wa mtu si anaujua Mungu peke yake?"

Nilicheka kidogo kwa aibu. Yeye hakucheka.

Nilikaa nyumbani miezi saba, naandika barua za maombi na kumsaidia mama kumenya mihogo. Halafu majibu mawili yakaja wiki moja. Shule moja ya sekondari huko Mkange haikuwa na mwalimu wa hisabati, na mkuu wake alikuwa tayari kunipa mkataba pamoja na nyumba. Na kampuni moja ya bima Dar es Salaam ilinikubali kwa mafunzo kazini ya mwaka mzima, kwa posho ya nauli, bila ahadi ya ajira.

Baba hakuniambia anataka nini. Asubuhi moja aliondoka bila kuaga, akarudi jioni na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama ndiye aliyenidokeza: "Baba yako alikwenda Mkange kukuangalizia nyumba." Wakati wa kula alisema, kama mtu anayezungumzia mambo mengine kabisa, kwamba sakafu ni ya saruji, tangi la maji halivuji, na majirani ni watu wa salama.

Nilikuwa nimekwisha kuchagua, ila sikuwa na ujasiri wa kusema.

Ijumaa iliyofuata alichelewa kurudi kutoka msikitini. Alikuja akakaa kwenye mkeka karibu nami. "Nimemuuliza mwalimu wa madrasa juu ya kazi yako," akasema. "Ameniambia kukadiria si kujua. Hata mkulima hukadiria mvua. Kwa hiyo nenda."

Nilifurahi mno kuruhusiwa, hata sikumtazama usoni. Leo ningetoa kitu kikubwa niuone uso wake wa jioni ile.

Dar nilipanga chumba Mbezi. Kazi niliipenda, siwezi kudanganya. Nilipewa majedwali ya vifo, umri kwa umri, safu baada ya safu, na nikagundua kwamba mtu anaweza kukaa nayo kutwa bila kuona huzuni, kwa kuwa hakuna aliyetajwa humo. Siku ya kwanza macho yangu yalipofika kwenye mstari wa umri wa baba niliuruka, nikaendelea na wa chini yake.

Ili uwe mtakwimu bima kamili kuna mitihani mingi, na watu huifanya kwa miaka. Baba alilishika hilo. Kila Ijumaa nilipompigia aliniuliza, "Imebaki mingapi?" Nilipomtajia aliitikia, "Haya, Mungu yupo," kisha akanieleza habari za mananasi na za malori ya wanunuzi.

Siku ya mtihani wangu wa pili tulizima simu zetu tukaziacha mlangoni. Tulianza saa tatu asubuhi, tukamaliza saa sita. Nilitoka nikiwa mwepesi kama mtu aliyetuliwa gunia. Wenzangu wakasema twende tukale, nikaenda. Tulikula wali kwa samaki, tukabishana juu ya swali la nne, tukacheka. Simu ilikuwa kwenye mkoba. Niliiwasha saa tisa kasorobo.

Iliita hapo hapo. Alikuwa baba mdogo.

"Uko wapi?"

"Nimetoka kwenye mtihani. Shikamoo, baba."

Hakuitikia marahaba. Hapo nikajua.

"Baba yako hatunaye," akasema. "Ametutoka saa nne. Tunazika baada ya alasiri."

Sikumbuki nilivyopanda basi la Msata. Nakumbuka abiria wa pembeni, mama mmoja wa makamo, alinishika mkono kutoka Bagamoyo mpaka nilipoteremka, na hakuniuliza kitu. Nilifika wanaume wakirejea kutoka makaburini, pindo za kanzu zao zikiwa na udongo mwekundu.

"Mngenisubiri," nikamwambia baba mdogo. Nilimwambia kwa sauti kubwa, mbele za watu, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya.

"Mwanangu, maiti hasubirishwi. Tumekupigia mpaka mkono umechoka."

Kwetu wanawake hawaendi kuzika. Hata ningewahi, kaburi nisingeliona siku ile. Nilichokikosa ni kule kumuaga ndani, pale wanapofunua sanda kidogo ili mtoto amtazame mzazi wake. Ndugu zangu wote walimtazama. Nami nilipiga hesabu ambayo sikuagizwa na mtu: ningewasha simu saa sita, ningefika kabla hawajamtoa nyumbani. Tangu siku ile ule wali sijamweleza mtu.

Mama alikuwa amekwisha kuingia eda. Msiba ulipoanuliwa siku ya tatu, wageni wakapungua, aliniita chumbani.

"Usimlaumu baba yako mdogo," akasema. "Marehemu alianza kulalamika kifua baada ya sala ya alfajiri. Mimi nilitaka kukupigia saa ile ile. Yeye akanikatalia. Akasema, leo mtoto ana mtihani, mwacheni amalize."

"Na wewe ukakubali, mama?"

"Nilidhani ni kifua tu."

Alianza kulia, nami nikalia, lakini hatukuwa tunalilia jambo moja. Yeye alimlilia mumewe. Mimi nililia kwa hasira, na sikujua nimkasirikie nani: yeye aliyetii, au baba aliyenihurumia mahali ambapo sikutaka kuhurumiwa.

Matokeo yalitoka baada ya arobaini. Nilikuwa nimefaulu. Niliyasoma kwenye kompyuta ya ofisini, nikafunga ukurasa, nikaendelea na kazi. Mwisho wa mwaka ule kampuni iliniajiri. Shule ya Mkange, nilisikia, ilipata kijana kutoka Lugoba, na watoto wanampenda.

Mama ametoka eda siku nyingi sasa. Mananasi amemwachia baba mdogo. Nikienda nyumbani tunakaa kimya zaidi ya zamani, ingawa si kwa ubaya. Juu ya kazi yangu haniulizi.

Ila mwaka jana, siku ya mtihani wa tatu, alinipigia saa moja asubuhi. Hakuwa amewahi kunipigia saa hizo.

"Mimi mzima," akasema. "Nimekwisha kunywa chai. Baba yako mdogo mzima, mkewe mzima. Sasa zima simu yako uende."

Niliizima. Mtihani ule nilifeli.