Kitanda Kwa Mkwe

Mimi si mtu wa kuhangaishwa na karatasi. Shule niliachia darasa la sita, lakini nilianza na gunia moja la mahindi pale Kiminini, na leo nina lori mbili na ploti tatu Kitale, zote zimejaa wapangaji. Hakuna hata mmoja niliyewahi kumwandikia barua. Ukitaka kujua mtu analala wapi, si unauliza jirani?

Ng'ambo, kwenye nchi ya watu, hawaulizi jirani.

Nilikuwa nimeenda huko kwa ajili ya binti yangu. Alijifungua vibaya, mtoto hakuishi, na yeye miguu ikakataa kusimama. Mama yake tulimzika zamani. Mume wake, kijana wa Kabuchai, anafanya kazi kiwandani kwa zamu, kwa hivyo wa kukaa kando ya kitanda cha hospitali na kumlisha nilikuwa mimi. Manesi wakijaribu, anafunga mdomo. Daktari alisema miezi mitatu zaidi. Viza yangu ilibakisha siku tisa.

Nilienda uhamiaji kuomba niongezewe, na mama wa ofisini aliangalia karatasi zangu za benki akaridhika. Mtu kama mimi, angekosa nini hapo? Kisha akataka barua ya mwenye nyumba ninamolala, pamoja na bili ya stima.

Hapo nikakwama. Kwetu, baba halali chini ya paa la mkwe wake. Chai utakunywa, tena umekaa karibu na mlango, halafu unaondoka jua likiwa bado juu. Ndiyo maana tangu nifike nilikuwa nimekodi kitanda nyuma ya duka la dobi, watu sita chumba kimoja. Mimi, mwenye ploti tatu. Nilipomwomba mwenye kitanda barua, alisema hajawahi kuniona maishani, na nikirudia maneno ya serikali nitakuta nguo zangu barabarani.

Nikampigia chifu wa nyumbani, akaniandikia barua safi, akaipiga mihuri miwili na kunitumia kwenye simu. Yule mama wa ofisini aliisoma yote, akauliza kwa upole kama chifu anaijua hiyo mitaa yao.

Zikabaki siku tano. Usingizi uliniisha.

Mkwe wangu akaniambia chumba kipo, yeye ataandika barua. Nikamwambia aandike, lakini mimi nitaendelea kulala kwa dobi.

“Baba, wanakuja kuangalia,” akasema. “Wanafungua hadi kabati. Wasipoona nguo zako, hata mimi watanifukuza hapa. Na mgonjwa tutamwachia nani?”

Nilimpigia ndugu yangu mkubwa, yuko Sirisia. Nilipomaliza kumweleza, aliuliza jambo moja tu.

“Huko kuna mtu wa kwetu atakuona?”

“Hakuna. Lakini mimi nitajua.”

“Basi usinipigie simu ati nikuruhusu. Mimi siwezi.” Akakata.

Nilihamia kwa mkwe asubuhi, na begi moja. Alinifungulia mlango akiangalia ukuta, nami nikapita nikiangalia viatu vyangu. Siku hiyo hiyo aliomba kazini wamweke zamu ya usiku. Hakuniambia kwa nini, na mimi sikuuliza. Nilipokuwa nikilala yeye yuko kiwandani, na alipokuwa akilala mimi niko hospitali.

Siku ya pili alikuja bwana mmoja na kamera. Alihesabu mashati yangu, akapiga picha mswaki wangu bafuni, akauliza kama hapa ndipo kwangu. Mkwe alinitafsiria huku ameinamisha kichwa. Nimeuza mahindi miaka mingi, na uongo wa sokoni naujua wote, lakini neno “ndiyo” la siku hiyo lilikuwa zito kuliko gunia lolote. Nililisema.

Viza ikaongezwa miezi mitatu. Nilifika hospitali na uji wangu nikampa binti habari. Hakufurahi.

“Kwani walikubalije? Unalala wapi, Baba?”

“Kwenu.”

Akavuta shuka, akajifunika uso.

“Si ungerudi tu nyumbani,” akasema ndani ya shuka. “Si ungeniacha tu.”

Nikamwambia uji unapoa. Nilikaa na kijiko mkononi, sijui muda gani, mgonjwa wa kitanda cha pili akituangalia. Mwishowe binti alishusha shuka mpaka kidevuni. Macho aliyafumba, lakini mdomo aliufungua.