Harufu ya Jumamosi

Miaka ya sabini niliishi kwenye ploti moja Kawangware, vyumba vya mabati vilivyopangana mlango kwa mlango. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Shuleni mwalimu wetu wa sayansi alitufundisha kwamba mwenye akili haamini maneno ya mtu. Huangalia mwenyewe, akarudia, ndipo akaamua. Nilimwamini papo hapo.

Dada yangu mdogo alikuja kutoka nyumbani, magharibi, kukaa nami. Wakamposa majirani wawili: tarishi wa ofisi na seremala.

"Hapa mjini wewe ndiye baba," akaniambia. "Nichagulie mwenye uwezo. Nimechoka kulala njaa."

Nikaanza uchunguzi. Kila Jumamosi tarishi alipika mlango ukiwa wazi, na harufu ya vitunguu vikikaangwa iliwatoa mate watoto wa ploti nzima. Baadaye alisimama mlangoni akichokoa meno. Seremala alijifungia. Hakuna harufu, hakuna mlio wa mafuta. Nikahitimisha: penye vitunguu pana nyama, na anayejifungia anaionea aibu sufuria yake.

"Una hakika?" dada akauliza.

"Harufu haijakosa hata Jumamosi moja."

Akaolewa na tarishi. Waliponialika chakula sikunywa chai asubuhi, nisije nikajaza nafasi ya nyama. Dada aliinamia jiko la makaa, vitunguu vikilia, mlango wazi. Akaandaa ugali na sukuma wiki.

"Na nyama?" nikanong'ona.

"Nyama gani? Umeinusa, basi."

Bwana wa nyumba akaninyooshea kijiti. "Chokoa meno, shemeji. Usiniaibishe."

Nikatoka nje. Seremala akafungua mlango kidogo, akamtupia mbwa mifupa, akaufunga upesi kabla sijamsalimia. Kumbe nyama yake aliichemsha tu, bila vitunguu, na mlango aliufungia wageni kama mimi.

Miaka ikapita, dada akikonda kando ya jiko lile. Jumamosi moja moshi wa vitunguu ulimliza, nikainuka niufunge mlango ili upepo usimrudishie.

"Wacha wazi, kaka," akasema. "Mdogo wa bwanangu anatafuta mke, na kaka wa msichana anayemtaka yuko hapo nje anachunguza."

Nikachungulia. Kijana nadhifu, kalamu mfukoni, pua juu. Nilijua la kumwambia. Lakini dada alinitazama, macho yamejaa machozi ya vitunguu, au ya kitu kingine.

Nikachukua kijiti, nikasimama mlangoni, nikachokoa meno.