Tenga la Michembe

Mwaka ule wa mashindano ya picha, shangazi yangu alikuwa bado anaishi Chemchem, hapa mjini Tabora, na magoti yake yalikuwa bado mazima. Mume wangu hupiga picha za harusi. Mimi nilikuwa naazima tu kamera yake Jumapili. Yeye ndiye aliyenisukuma nijiandikishe. Tulikusanyika saa mbili asubuhi, tukapewa mada papo hapo: mzigo. Ikifika saa sita kamili, kila mshiriki awe ameshawasilisha picha tatu alizopiga asubuhi hiyohiyo.

Wenzangu walikimbilia stesheni na sokoni. Mimi nilikwenda kwa shangazi. Alikulia kijijini Puge, akibeba kichwani kuni, maji na mavuno, na hata uzeeni alitembea shingo imenyooka.

Nilimkuta anafagia uani. Baada ya shikamoo nilimweleza mbiombio, nikamwomba ajitwike tenga nimpige picha, basi. Akauliza tenga litakuwa na nini ndani. Nikasema halina haja ya kuwa na kitu, ndani hakutaonekana.

"Sijawahi kujitwika tenga tupu," alisema. "Watu watasema nimechanganyikiwa."

Akaingia ndani. Alikuwa na michembe, viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kuanikwa, aliyomwahidi rafiki yake wa kanisani aliyekaa ng'ambo ya reli. Akajaza tenga, akakunja kanga ikawa ngata, akajitwika, tukaondoka. Mimi nilitangulia kinyumenyume na kamera usoni, nikijikwaa.

Kila baada ya hatua chache alisimama kusalimiana na mtu. Waliulizana habari za nyumbani, za mvua, za mgonjwa aliyeko Isikizya. Mimi natazama saa, yeye anauliza habari za wajukuu. Jua likapanda, mwanga laini wa asubuhi ukapotea, nami nikaanza kununa.

Nadhani aliona. Tukiwa tunaendelea alianza kunisimulia habari za babu yake, aliyekuwa mpagazi ujanani, kabla reli haijafika. Alibeba pembe za ndovu kutoka hapa Tabora mpaka pwani kwa miguu, akarudi na majora ya vitambaa, mali ya watu wengine.

"Alikufa sijazaliwa," alisema. "Hata sura yake siijui. Hakuna aliyempiga picha."

Nikabonyeza palepale, uso wake ukiwa bado unamfikiria.

Tulipokabidhi michembe nilikimbia, nikafikisha picha zangu zimebaki dakika nne. Sikupata kitu. Alishinda fundi cherehani mmoja aliyepiga picha baiskeli iliyolemewa na magunia ya mkaa. Picha nzuri kweli, na nilimwonea wivu siku mbili nzima.

Picha ile ya shangazi niliisafisha, nikampelekea. Aliitazama kwa muda mrefu, akaigeuza hata nyuma.

"Mbona umenikata miguu?" akauliza. "Miguu ndiyo iliyotembea."

Jumapili iliyofuata nilirudi na kamera. Nikampiga mzima, kuanzia kwenye ngata mpaka kandambili, akiwa amejitwika mahindi ya kupeleka mashineni. Kisha tukaenda wote mashineni, tukakaa kwenye foleni tukiongea mpaka zamu yetu ikafika.

Sasa amerudi Puge, anakaa kwa mdogo wake, wala habebi tena kitu. Tukiongea kwa simu huniuliza habari za wale watu wa njiani, mmoja mmoja. Wengi siwajui. Asubuhi ile ningewasalimia vizuri, leo ningekuwa na cha kumjibu.