Nusu za Dada

Jirani wa chumba cha pili anaapa kwamba siku tuliyotoka kumzika dada yangu, alinisikia ndani nikizungumza naye.

"Huyu binti kapandwa na pepo," aliwaambia wenzake bombani. "Ananyamaza, anajibu, ananyamaza tena. Masikio yangu mazima mimi!"

Sikumkatalia.

Mimi niliishia darasa la saba. Nyumbani waliweza kusomesha mmoja tu, akaendelea dada. Yeye akawa karani, mimi msafishaji wa ofisi.

Kazini ikatoka nafasi ya mapokezi, mtihani wake kuandika Kiingereza. Dada akanunua daftari.

Jioni anaandika nusu ya mwanzo ya sentensi, anaweka mkato, anaacha. Asubuhi mimi namalizia.

"Mvua ikinyesha," yeye.

"Nitafunga madirisha," mimi.

Nikiandika yangu bila mkato, ananicheka: "We mdogo wangu, sentensi inakimbia kama imeiba! Isimamishe ipumue."

Mtihani nikafeli.

Aliposema turudie, nikamvaa: "Usingekula shule yangu, nisingekuwa nabembeleza mikato ukubwani!"

Akalifunga daftari. Nami sikumsemesha tena.

Wiki tatu. Kila asubuhi nalikuta daftari mlangoni kwangu, juu ya viatu. Nalisogeza pembeni, naenda zangu. Nikajua ni somo lake lilelile.

Siku moja sikulikuta. Nikasema, afadhali kachoka.

Mchana ikaja simu ya hospitali. Alikuwa amepasuliwa tumbo. Hakuamka.

Tulipotoka makaburini nikaingia chumbani kwake, nikalikuta daftari, nikalifungua. Kurasa tatu, nusu za sentensi tupu, zote kwa Kiingereza, kila moja na mkato wake.

"Hasira ikikuisha,"

"Tumbo likizidi usiku,"

"Jumanne nikienda kupasuliwa,"

Kumbe hakuwa akinifundisha. Alikuwa ananiita, kwa njia pekee niliyomwachia.

Nikachukua kalamu, nikazimalizia kwa sauti, moja baada ya nyingine.

"Nitakugongea mlango."

"Nitakuchemshia maji."

"Nitakushika mkono mpaka mlangoni."

Hayo ndiyo jirani aliyoyasikia.

Wewe unayesoma, nuna utakavyo, ila alichokuwekea mtu mlangoni kifungue. Huenda anaumwa humo ndani.

Ilibaki nusu moja, ya mwisho kabisa.

"Ukinisamehe,"

Kalamu ilinigomea.

"Dada," nikamwambia, "nisamehe wewe kwanza, ndipo niimalizie hii."

Jirani anasema hapo sauti yangu ilikatika.

Nilikuwa nasubiri anijibu.