Ngoma Iliyopelekwa Motoni Mara Mbili

Kijijini kwao, upande wa Kongwa, Anyesi alijulikana kwa mkono wake wa kulia. Akishaibana ngoma ya muheme katikati ya magoti na kuanza kupiga, hata wazee wenye viuno vibovu walijikuta mabega yanacheza. Wanawake wenzake walimfuata yeye.

Mtu wa namna hiyo ukimwambia ana presha, atakuelewa? Zahanati walimwambia, wakampa vidonge. Alivimeza mpaka kichwa kilipoacha kumgonga, kisha akaviweka juu ya kabati. Wifi yake Loisi alipouliza, alijibiwa kwamba dawa ni za mgonjwa, na mgonjwa hapalilii uwele tangu alfajiri.

Siku jirani yao Meshack alipomwoza binti yake, ngoma ya Anyesi ilififia katikati ya wimbo. Nawe kama umekulia kule unajua: ngoma ikififia, ngozi imelegea, ipelekwe motoni ikaze. Ikapelekwa. Iliporudi, sauti bado ilikuwa ya kopo tupu. Wakamtania kwamba safari hii kawamba ngozi ya mbuzi kikongwe, wakairudisha motoni. Anyesi alicheka nao, ila kicheko kilikwenda upande mmoja tu wa uso.

Ngoma iliporudi tena, Loisi aliipiga kwa kiganja chake mwenyewe. Ikalia vizuri kabisa. Akamgeukia mwenye ngoma.

“Wifi, hebu nyanyua mikono yote miwili.”

Wa kushoto ulipanda. Wa kulia uliinuka kidogo, ukashuka wenyewe. Anyesi alitaka kusema ni uchovu wa jembe, lakini maneno yalitoka mazito kama ya mlevi, na pombe hakuwa ameonja. Waliosema apumzike kwanza Loisi hakuwasikiliza. Gari lililomleta bibi harusi ndilo lililompeleka Anyesi Dodoma mjini.

Huko alipigwa picha ya kichwa. Daktari, binti mpole aitwaye Generosa, alimpa shikamoo yake, kisha akamweleza. Mshipa wa damu wenye afya hunyumbuka. Moyo ukisukuma damu, mshipa hutanuka na kupunguza kishindo. Mishipa yake ilikuwa imekakamaa kwa presha ya miaka, kishindo kikawa kinafika hadi kwenye vimishipa vyembamba vya ubongo na kuviharibu. Kimoja kimeziba, na sehemu inayoendesha mkono imekosa damu. Kiharusi ndicho hicho.

“Kumbe ndani nimekaza kuliko ngoma,” Anyesi alisema taratibu.

“Ndiyo, mama. Na vile vidonge havikuwa vya kichwa kuuma.”

“Mkono utarudi?”

Generosa hakumdanganya. Alisema huenda, lakini huenda usirudi wote, na muda uliopotea motoni haurudi kabisa.

Mkono ulirudi nusu. Unashika ungo, haushiki muheme. Siku hizi anayeongoza ni Loisi, na Anyesi hukaa pembeni yake akigonga kingoma kidogo kwa kushoto. Vidonge huvimeza kila asubuhi, hata akiamka mzima kama jiwe.

Na ngoma ikififia, mpigaji huambiwa kwanza anyanyue mikono. Moto unasubiri.